Kidingapopo: Jina la Kale, Mbu wa Mchana na Lugha ya Kuuhamasisha Umma

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Kauli hii ina uzito wa pekee kwa homa ya dengi, kwa kuwa haijapatikana dawa mahususi ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hutulizwa maumivu, hunyweshwa maji na kuangaliwa kwa makini hadi apone. Kwa hivyo, silaha kuu ni kumdhibiti mbu, naye hadhibitiki pasipo umma kuelimishwa kwa lugha unayoielewa.

Maradhi haya si mageni katika Kiswahili. Kamusi huyaita kidingapopo. Mwaka wa 1870 homa ya kutesa viungo ilienea Unguja, na daktari James Christie, aliyefanya kazi huko, akaandika kuwa wenyeji waliiita kidinga pepo. Wapo wataalamu wanaodai kuwa jina la kimataifa la ugonjwa huu lilichipuka humo, likapitia Kihispania cha visiwa vya Karibi. Wengine wanashuku kuwa homa ile ilikuwa chikungunya, ambayo jina lake lilitokana na Kimakonde baada ya mkurupuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Vyovyote iwavyo, homa zote mbili huenezwa na mbu yuleyule.

Mbu huyo, Aedes aegypti, ni mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuchwa. Huzaana katika maji yaliyotulia karibu na makazi: mitungi, mapipa, vifuu vya nazi, magurudumu makuukuu na vyungu vya maua. Jike hugandisha mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa; yakifikiwa na maji huanguliwa yakawa viluwiluwi, na baada ya siku saba hadi kumi hivi, mbu kamili huruka. Ndiposa kumwaga maji pekee hakutoshi. Sharti kuta za chombo zisuguliwe.

Hapa ndipo lugha ya uhamasishaji inapopata mtihani. Kwa miaka mingi Wakenya wamehimizwa kulala ndani ya chandarua ili kuepuka malaria, ambayo mbu wake huuma usiku. Ujumbe huo ni wa kweli na umeokoa wengi. Hata hivyo, umejenga dhana kwamba mbu ni adui wa usiku tu. Chandarua humfaa mtoto au mgonjwa anayelala mchana, lakini hakimkingi mwanafunzi aliye darasani wala mchuuzi aliye sokoni.

Isitoshe, ujumbe sharti uafikiane na maisha ya hadhira. Mjini Mombasa, ambako dengi ilizuka mwaka wa 2013, mifereji hukauka mara kwa mara na familia hulazimika kuhifadhi maji. Kuiambia familia kama hiyo "mwageni maji yaliyotuama" ni kuiambia imwage maji yake ya kunywa. Kauli inayotekelezeka ni: "Funika mtungi; usugue kila wiki."

Aidha, katika mazungumzo ya kila siku neno "homa" hueleweka upesi kuwa malaria, na wengi hununua dawa bila kupimwa. Mwenye dengi anayemeza aspirini au ibuprofeni hujiongezea hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli ndiyo hupendekezwa. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma na damu kwenye ufizi ni dalili za kukimbilia hospitali bila kuchelewa.

Ni bayana kwamba vita hivi si vya tabibu peke yake. Mtafsiri wa mabango, mtangazaji wa redio na mwalimu wa Kiswahili wana zamu yao. Neno likichaguliwa vibaya, mtungi hubaki wazi. Likichaguliwa vyema, hufunikwa.