Vidukari: Linda miche bila kuila sumu

Unaponunua fungu la sukuma wiki sokoni, geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona vijidudu vya kijivu, vyenye unga mwembamba, vimejibana kwenye mishipa ya jani, hao ni vidukari. Mlaji hawamdhuru; huoshwa na kwisha. La kuogopa ni dawa ambayo huenda ilitumiwa kuwaua.

Sigor, katika eneo la Chepalungu, kaunti ya Bomet, haipati mvua nyingi kama sehemu za majani chai za Kericho. Kiangazi kinapoingia, vidukari huongezeka upesi kwa kuwa hakuna mvua kubwa ya kuwaangusha. Jike huzaa watoto walio hai bila kuhitaji dume, na baada ya siku chache watoto hao nao huanza kuzaa. Wao hufyonza utomvu na kueneza virusi vya mimea. Mche mchanga ukivamiwa, majani hujikunja, hugeuka manjano na mmea hudumaa.

Hapo ndipo mkulima anayehofia hasara hukimbilia dawa kali. Mojawapo ya zilizotumiwa sana ni dimethoeti, ambayo hupenya hadi kwenye utomvu wa mmea. Kwa sababu hiyo, kuosha mboga hakuwezi kuiondoa yote. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa mishiri na njegere kutoka Kenya kutokana na mabaki ya dawa, na mwaka 2019 ulikataa kuidhinisha tena dimethoeti katika nchi zake.

Dawa za jamii hiyo huvuruga neva. Aliyedhurika huumwa na kichwa, hutokwa na jasho na mate mengi, hutapika, huona ukungu na kubanwa na kifua. Mkimbize hospitalini bila kuchelewa, na mbebe kibandiko cha dawa hiyo.

Njia zisizo na hatari

Iwe una shamba Sigor au umepanda mboga kwenye magunia mjini, kagua kitalu mara mbili kwa wiki. Vidukari wakiwa wachache, waponde kwa vidole au uwaangushe kwa maji. Majani yaliyovamiwa sana yang'oe uyafukie.

Wakizidi, koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye majani machache. Yasipoungua, nyunyiza jioni, hasa upande wa chini, kwani sabuni huua wadudu iliowagusa tu. Rudia baada ya siku chache.

Usizidishe mbolea ya naitrojeni. Majani laini huwavutia vidukari. Usiwaue wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, wala mabuu wao, kwa maana chakula chao ni vidukari.

Ikibidi kutumia dawa ya dukani, chagua iliyoidhinishwa kwa mboga, vaa glavu na kitambaa cha uso, na usivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kwisha. Sukuma wiki huchumwa karibu kila wiki, kwa hivyo masharti hayo huvunjwa kwa urahisi.

Nawe mnunuzi, muulize anayekuuzia mboga zilinyunyiziwa dawa lini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.