Mbege ya nyumbani: Usalama huanzia kwenye nafaka na chombo

Na Mwandishi Wetu

KATIKA vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ni nadra harusi, matanga au kikao cha ukoo kupita bila mbege. Pombe hiyo ya ndizi mbivu na ulezi hutengenezwa nyumbani, aghalabu na akina mama, kwa ufundi uliorithishwa kizazi hadi kizazi.

Ufundi haujabadilika sana, lakini vyombo vimebadilika. Mitungi na vyombo vya mti vimeyapisha mapipa ya chuma na ndoo za plastiki. Wapo pia wanaoamini kwamba kwa kuwa pombe huchemshwa, moto huondoa kila kilicho kibaya. Imani hiyo si sahihi, na imewahi kugharimu maisha ya watu.

Jinsi inavyotengenezwa

Kazi huanza kwa ulezi. Nafaka huoshwa, hulowekwa, kisha hufunikwa kwa siku kadhaa hadi ichipue. Ikishachipua huanikwa juani na kusagwa. Unga unaopatikana ndio kimea.

Ndizi zilizoiva vizuri humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe na rangi nyekundu ya kahawia. Huachwa zipoe na kukaa chomboni kwa siku kadhaa, kisha huchujwa. Maji yake matamu huchanganywa na uji wa kimea uliopoa. Wengi huongeza magome ya mti wa msesewe, ambayo huipa mbege uchungu wake. Baada ya siku moja hivi huwa tayari kunywewa.

Kinachogeuza utamu kuwa kilevi ni hamira ya asili, inayotoka kwenye ndizi, kwenye kimea na hata kwenye kuta za chombo. Hamira hula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ukaa. Wakati huo huo, bakteria wa aina nyingine huzalisha asidi, na ndiyo maana mbege ina ladha ya uchachu. Asidi hiyo husaidia kuzuia vijidudu vingi, lakini pia huyeyusha metali.

Pipa la chuma

Mwaka 1929, daktari aliyeitwa Strachan alieleza kuhusu Waafrika wa kusini mwa bara waliokutwa na madini ya chuma kupita kiasi mwilini. Uchunguzi wa baadaye ulihusisha hali hiyo na pombe ya nafaka iliyochachushwa katika mapipa na vyungu vya chuma. Asidi ya pombe ilikuwa ikiyeyusha chuma kidogo kidogo, na lita moja iliweza kubeba makumi ya miligramu za madini hayo. Kwa aliyekunywa kila wiki kwa miaka mingi, madini hayo yalirundikana na kuharibu ini. Utafiti wa mwaka 1992 uliongeza kuwa huenda urithi nao unachangia.

Somo lake ni jepesi. Chombo cha chuma tupu kinaweza kutumika kuchemshia, lakini hakifai kuchachushia wala kuhifadhia. Bati lililopakwa zinki nalo halifai, kwa sababu asidi huyeyusha zinki, ambayo husababisha kichefuchefu na kutapika.

Ndoo ya plastiki ni nafuu na nyepesi, mradi iwe imetengenezwa kwa ajili ya chakula. Pipa lililowahi kuhifadhi dawa ya mimea, rangi au mafuta halisafishiki kwa sabuni. Plastiki hufyonza kemikali na kuzirudisha taratibu. Ndoo yenye mikwaruzo mingi pia ibadilishwe, kwa kuwa vijidudu hujificha humo.

Funzo la Chitima

Januari 2015, katika eneo la Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki dunia baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyonywewa kufuatia maziko. Mtengenezaji wake alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mwanzoni ulivuma uvumi kwamba ilitiwa nyongo ya mamba.

Uchunguzi wa maabara ulionesha jambo jingine. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika baada ya mafuriko, na ndani yake waliota bakteria waitwao Burkholderia gladioli. Bakteria hao hutengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Moto unaweza kuua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mnywaji.

Hapa nchini, mwaka 2016, sumukuvu itokanayo na ukungu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo nayo haimalizwi kwa kuchemsha. Hivyo ulezi unaochipuzwa upate hewa na uanikwe ukauke kabisa; ukionekana na ukungu, utupwe. Usiwe wa pombe, wala wa kuku.

Mfuniko usibane

Katika Uingereza, utengenezaji wa bia nyumbani kwa matumizi binafsi hauhitaji leseni tangu mwaka 1963. Marekani iliuruhusu kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Watengenezaji wa huko hutumia ndoo yenye kizibo maalumu kinachotoa hewa ukaa bila kuruhusu hewa ya nje kuingia. Kwa mbege, kitambaa safi au mfuniko usiobanwa hutosha. Isifungwe kwenye chupa ya kioo, kwani bado inachachuka na chupa inaweza kupasuka.

Mbege na gongo si kitu kimoja. Mbege huchachushwa tu, ilhali gongo hupatikana kwa kukusanya mvuke wa pombe iliyochemshwa, na kuitengeneza bila kibali ni kosa. Vinywaji vikali vya magendo huweza pia kutiwa methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha na kuua. Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi. Kwa anayeuza mbege, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inataka awe na leseni.

Mama anayeandaa mbege ya harusi hahitaji mtambo wa kiwandani. Anahitaji kimea kikavu kisicho na ukungu, maji safi, chombo cha chakula kilichosuuzwa kwa maji ya moto, na ujasiri wa kumwaga kilichoharibika, hata kama wageni wako njiani.