Gari Lina Kasi, Lakini Nani Analipa Mafuta?

Ijumaa moja tumekwama kwenye foleni ya Mwenge, mimi na mume wangu, redio ikapiga "Fast Car" ya Tracy Chapman. Akaongeza sauti. Mimi nikanyamaza. Wimbo huu una kesi nyumbani kwetu.

Tulianza kuusikiliza pamoja 2012, tukiwa Mlimani. Kwetu ulikuwa wimbo wa mapenzi, basi. Watu wawili, gari, wanaondoka zao kuanza maisha. Nani asingetaka? Tulipomaliza chuo tukapanga chumba Sinza, tuna godoro na jiko la mkaa.

Wengi tunaujua, historia yake hatuijui. Tracy alizaliwa Cleveland, Marekani, 1964. Alisoma anthropolojia Chuo Kikuu cha Tufts huku akiimba mitaani na gitaa lake. Singo hii ilitoka Aprili 1988, ikiwa ya kwanza kutoka kwenye albamu yake ya kwanza. Tarehe 11 Juni likafanyika tamasha la Wembley, London, la kuadhimisha miaka 70 ya Mandela, ambaye bado alikuwa kifungoni. Tracy alishaimba zamu yake. Ikafika zamu ya Stevie Wonder, kumbe diski ya kinanda chake haionekani! Watu uwanjani wanasubiri, nchi kibao zinatazama kwenye televisheni. Tracy akarudishwa jukwaani, yeye na gitaa tu. Baada ya hapo singo ikapanda hadi namba 5 Uingereza na namba 6 Marekani. Mwaka 1989 ikampa tuzo ya Grammy.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Binti ameacha shule amuuguze baba mlevi. Anaondoka na mpenzi wake, anapata kazi. Mwishowe yeye ndiye analipa kila kitu, mwanaume anashinda baa na marafiki kuliko na watoto. Mapenzi gani hayo?

Mimi nilielewa 2016. Mwenzangu alipunguzwa kazini. Miezi 14 nikalipa kodi, Luku, chakula; yeye jioni yuko kijiweni. Usiku mmoja naosha vyombo, wimbo ukapigwa. Nikafunga bomba, nikamwambia, "Njoo ukae hapa."

Tulikaa mpaka saa nane usiku. Nilijiandaa kusikia visingizio. Akaniambia ameitwa kwenye usaili mara tano, zote amekosa, na aliona aibu kuniambia. Kijiweni alikuwa anajificha, na mimi kwa kununa kwangu nilimsaidia kujificha. Asubuhi tukanunua daftari: kinachoingia, kinachotoka, nani kaomba kazi wapi. Haikuwa rahisi, lakini hatukuachana.

Mwaka 2023 Luke Combs, mwanamuziki wa country, aliurudia wimbo huu ukafika namba 2 Marekani. Tuzo za CMA za mwaka huo zikautangaza Wimbo wa Mwaka, na Tracy akawa mtunzi mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Februari 2024 wawili hao wakauimba pamoja kwenye Grammy. Miaka 36 baadaye, bado unawagusa watu.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, kama mnapanga kuanza maisha, usiulize tu mnaenda wapi. Muulizane pia: mmoja wetu akikwama, atathubutu kusema?

Pale Mwenge mume wangu alipunguza sauti. "Bado una hasira na mimi?"

"Endesha, bwana. Foleni imesogea."