Chumvi Usiyoiona

Pakiti ya chakula ina pande mbili. Mbele kuna picha ya kuku mnono na nyanya nyekundu. Nyuma kuna maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyasomi. Mimi pia sikuwa nayasoma.

Katika zamu yangu ya kutembelea nyumba kuna mama mzee mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu. Kliniki walimwambia apunguze chumvi. Alitii, hata kopo la chumvi akampa jirani. Vidonge alimeza, lakini kila akipimwa presha ilikuwa juu. Nilianza kufikiri kwamba ananidanganya, na sasa naona haya. Siku moja nilimkuta anapika sombe. Akachukua vipande vitatu vya supu, vile vya mraba vya karatasi inayong'aa, akavivunja ndani ya sufuria.

"Hii si chumvi, mwanangu," akasema. "Ni ya ladha tu."

Niliokota karatasi nikasoma. Neno la kwanza lilikuwa chumvi.

Je, unajua kwamba vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito? Kilicho kingi hutangulia. Katika vipande vingi vya supu, karibu nusu ya uzito ni chumvi, yaani kipande cha gramu 4 kina kama gramu 2. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Sufuria ile ni ya mama huyo na mjukuu wake. Piga hesabu mwenyewe, na huo ni mlo mmoja.

Kwenye pakiti tafuta neno "salt", au "sel" kwa Kifaransa. Tafuta pia "sodium", kwa sababu sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Utaikuta hata kwenye biskuti tamu. "Monosodium glutamate", ambayo huandikwa pia E621, ni ya kuongeza ladha na ina sodiamu. Magadi tunayotia kwenye maharage hayana pakiti, lakini nayo ni sodiamu.

Usinielewe vibaya. Chumvi ya mgao imetiwa madini joto, na mwili unayahitaji, hasa wa mama mjamzito. Usiitupe ukabaki na vipande vya supu, kama alivyofanya mama yetu. Tia kidogo kwa kijiko, ujue umetia kiasi gani. Ladha itafute kwenye kitunguu, nyanya, ndimu au tangawizi. Ndagala wa chumvi waloweke kwanza, umwage maji yale.

Mama sasa anatumia nusu kipande na analalamika kwamba sombe imepooza. Vidonge anaendelea navyo, na wewe usiache vyako bila kuambiwa na kliniki.

Kama husomi Kiingereza wala Kifaransa, tunza karatasi za pakiti zako. Mhudumu wa afya wa eneo lako akipita, mpe akusomee.