Uzingativu Kazini: Pumzi ya Kiongozi na Mzigo wa Wafanyakazi

Uzingativu, katika maana wanayoipa wanasaikolojia, ni kuielekeza akili kwa makusudi kwenye jambo linalotendeka sasa, pasipo kukimbilia kulisifu wala kulilaumu. Asili yake ni mafundisho ya kale ya Kibudha, ambayo kwa lugha ya Kipali huuita sati, lakini uliingia hospitalini mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani, mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Zoezi mojawapo la mwanzo hushangaza kwa udogo wake: mwanafunzi hupewa zabibu moja kavu, akaitazama mikunjo yake, akaiviringisha kati ya vidole, akainusa, akaiweka ulimini bila kuitafuna, na baada ya dakika kadhaa ndipo akaila. Aliyezoea kubugia konzi nzima huku macho yakiwa kwenye simu hugundua ladha ambayo hakuwahi kuijua, na pengine huanza kujiuliza ni mangapi mengine huyapitia hivyohivyo kwa siku.

Manufaa ya zoezi hili kwa kiongozi yanaeleweka zaidi mwili unapotazamwa. Barua pepe ya ukali ikifunguliwa, mwili huipokea karibu kama unavyopokea hatari: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kisha kortisoli, yaani homoni zinazouandaa mwili kupambana au kukimbia, moyo ukaenda mbio, shingo ikakaza, na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima na kupanga, ikazidiwa. Jibu linaloandikwa katika dakika hizo huwa la hamaki, hata likianza kwa salamu. Kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ule wa kuivuta, huichochea neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, nayo hupunguza mapigo ya moyo. Kiongozi anayeitambua shingo yake inapoanza kukaza amekwisha kupata nafasi ya kuchagua neno, na ukuaji wa nafsi unaohubiriwa katika semina nyingi hauna msingi mwingine ulio imara kuliko huo.

Vitabu vingi vya uongozi huishia hapo, na hapo ndipo hoja yao hupwaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lilieleza kwamba uchovu wa kazi hauhesabiwi kuwa ugonjwa, bali ni hali ya kikazi inayotokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo, nao hujitokeza kwa kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuibeza, na kupungua kwa ufanisi. Christina Maslach, ambaye mwaka 1981 alichapisha pamoja na Susan Jackson kipimo mashuhuri cha uchovu huo, ameutafuta mzizi wake katika kazi yenyewe: mzigo uliopita kiasi, kukosa kauli juu ya namna ya kuifanya, kutotambuliwa, upendeleo.

Uzingativu wa kiongozi, basi, hauna budi kuwafikia wale wanaoipokea amri yake. Saa nne usiku, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha kutuma ujumbe katika kundi la WhatsApp la idara, pumzi moja inatosha kumfanya aulize kama jambo hilo haliwezi kungoja saa mbili asubuhi, na mara nyingi linaweza. Lakini idara yenye wauguzi watatu wanaobeba zamu za watu watano haiponywi kwa kufundishwa kupumua. Fedha za semina hiyo zingefaa zaidi kuwaajiri wale wawili waliopungua.