Pampu Kubwa na Kokoto Moja

Mama anatwanga mahindi. Tia maji katika kikombe, ukiweke chini karibu na kinu. Unaona nini? Maji yanatetemeka. Mchi haukugusa kikombe hata kidogo. Mtikisiko umepita katika ardhi.

Sasa, watoto, fikirini hospitali ya mjini yenye orofa nyingi. Maji hayapandi juu yenyewe. Chini kabisa, katika chumba cha mashini, kuna pampu kubwa ya kuyasukuma. Mota ya umeme huizungusha mara 1450 hivi kwa dakika, yaani mara 24 kwa sekunde moja. Hakuna gurudumu lenye uzito sawa kabisa pande zote. Kwa hiyo pampu inapozunguka, hutikisika.

Pampu ikifungwa moja kwa moja juu ya sakafu, mtikisiko huingia sakafuni. Hupanda kwa nguzo na kuta, hupita pia katika mabomba. Huko juu mgonjwa husikia mngurumo usiku kucha. Anataka kulala, hawezi.

Mafundi hufanya nini? Hufanya mambo matatu.

Kwanza, huifunga pampu pamoja na mota yake juu ya bamba nene la zege. Kitu kizito hakitikisiki kwa urahisi.

Pili, huweka bamba hilo juu ya springi za chuma, zilizojikunja kama nyoka. Uzito wote huzibonyeza, mara nyingi kadiri ya milimita 25. Bamba haligusi sakafu.

Tatu, huunga kipande cha mpira kati ya pampu na mabomba. Mabomba ya karibu huyatundika kwa springi pia.

Je, springi inasaidiaje? Jaribuni wenyewe. Kata ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baisikeli kuukuu. Fungia jiwe dogo mwishoni, mpaka ukanda uvutike vizuri. Shika ncha ya juu. Pandisha na kushusha mkono polepole: jiwe linafuata mkono. Ongeza mwendo kidogo: jiwe linaruka kupita mkono! Sasa tikisa mkono upesi sana: jiwe linakaribia kutulia. Mkono ni kama pampu, ukanda ni kama springi, jiwe ni kama nyumba. Pampu hutikisika upesi, na springi laini haiwezi kuufuata upesi huo. Lakini springi ngumu mno haifai. Yaweza hata kuzidisha mtikisiko, kama jiwe lilivyoruka.

Tena angalieni jambo moja. Fundi amemaliza kazi, lakini amesahau kokoto moja chini ya bamba. Kokoto inagusa bamba juu, inagusa sakafu chini. Basi mtikisiko umepata njia. Springi ni nzuri, mpira ni mzuri, lakini mgonjwa halali.

Kwa hiyo fundi mwema hupiga magoti kabla ya kuwasha mota. Hushika taa, hutazama chini ya bamba pande zote nne, hufagia. Hakuna atakayemwona, lakini wengi watalala vizuri.

Maulizo
1. Kwa nini pampu hutikisika?
2. Mtikisiko hupita njia gani kumfikia mgonjwa?
3. Taja mambo matatu wanayofanya mafundi.
4. Kokoto moja yaweza kuharibu kazi yote. Eleza kwa nini.