Kabla Hujanunua Kadi Mpya ya Picha

Miongoni mwa wapenzi wa kurusha ndege kwa kompyuta, mazungumzo ya kununua kifaa kipya aghalabu huanzia kwenye kadi ya picha na huishia hapo hapo, kana kwamba ndani ya sanduku zima la kompyuta hamna kiungo kingine kinachostahili kutazamwa. Mtu ataona ndege yake ikienda kwa mishtuko kila akaribiapo kutua, ataingia dukani na fedha alizozikusanya kwa taabu, atatoka na kadi ya thamani kubwa, kisha akirudi katika uwanja ule ule ataikuta mishtuko ingali pale pale. Hakutapeliwa, kadi ni nzima na kazi yake inaifanya. Kasoro ni kwamba tangu awali haikuwa kadi iliyokuwa ikichelewesha.

Kila picha inayotokea juu ya kioo, ambayo watu wa fani hii huiita fremu, hupitia mikono miwili kabla ya kumfikia mtazamaji. Prosesa ndiyo ya kwanza, nayo hukadiria jinsi upepo unavyolipiga bawa, mafuta yaliyosalia tangini, mahali zilipo ndege nyingine angani, mishale ya saa za chumba cha rubani, na majumba, miti na barabara zinazopasa kuonekana kutoka pale ndege ilipo. Ikishamaliza hesabu zake huikabidhi amri kadi ya picha, ambayo hupaka rangi, vivuli na mwanga. Moja huandaa fremu inayofuata ilhali nyingine inaipaka iliyotangulia, na mwendo wa zote mbili hauwezi kuupita mwendo wa ile iliyo nzito. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja imepewa takriban milisekunde 16 kukamilisha sehemu yake. Ukiridhika na 30, zinapata milisekunde 33. Ikiwa prosesa inahitaji milisekunde 40, utapata fremu 25 na wala hutapata zaidi, hata kama kadi humaliza kwa milisekunde 10 na muda uliobaki inakaa bure.

Katika michezo mingi ya kompyuta kadi ndiyo iliyo nzito, na kwa hiyo desturi ya kuitukuza haikuzuka bila sababu. Simuleta ya ndege ina tabia yake mbali. Sehemu kubwa ya hesabu zake hufanyika katika uzi mmoja mkuu wa programu, maadamu hatua moja hungojea jawabu la hatua iliyotangulia: huwezi kujua ndege imeinama kiasi gani kabla hujajua nguvu zilizolipata bawa, wala huwezi kuuchora mstari wa upeo katika chombo cha rubani kabla hujajua ndege imeinama kiasi gani. Mfano wake ni mpishi wa pilau ya harusi, ambaye waweza kumpa wasaidizi kumi wa kumenya vitunguu na kupembua mchele, walakini mwenye kuikoleza sufuria ni yeye peke yake, na wageni watakula atakapomaliza yeye. Kwa sababu hiyo prosesa yenye viini 16 yaweza kushindwa na yenye viini 8, endapo viini hivyo vinane vina wepesi zaidi kimoja kimoja.

Tabia hii ni ya zamani. Flight Simulator X ya kampuni ya Microsoft ilitoka mwaka 2006, katika majira yale yale ambapo viwanda vya prosesa vilikuwa vimeacha kushindania kasi ya kiini kimoja na kuanza kuongeza idadi ya viini. Programu ikajikuta imejiandaa kwa ajili ya mashine zisizokuja, na marekebisho ya kuiwezesha kuvitumia viini vingi kwa namna ya kuridhisha yakafuata mwaka 2007. Matoleo ya 2020 na 2024, yaliyoundwa na Asobo Studio wa Bordeaux, Ufaransa, yanagawa kazi vizuri zaidi, lakini uzi mkuu haujatoweka.

Kisa cha prosesa mbili za kampuni ya AMD kinaeleza mengi kuliko jedwali lolote la dukani. Ryzen 7 5800X ya mwaka 2020 ina viini 8 na kasi inayofikia gigahezi 4.7, ndugu yake 5800X3D, iliyotoka Aprili 2022, ina viini vile vile 8 na kasi isiyozidi gigahezi 4.5, yaani kwa mwenye kusoma maandishi ya sandukuni ni pungufu. Lakini akiba yake ya ndani, ile kumbukumbu ndogo iliyo ubavuni mwa viini, iliongezwa kutoka megabaiti 32 hadi 96 kwa kubandikwa tabaka jingine juu ya lile la asili, na katika simuleta ikampita nduguye waziwazi. Sababu ni kwamba simuleta hupekua data nyingi mno katika kila fremu, tena bila utaratibu wa kutabirika, na kila inapolikosa jambo ndani ya akiba hulazimika kulifuata katika kumbukumbu kuu, ambako kungojea ni kurefu. Zilizofuata, 7800X3D ya 2023 na 9800X3D ya 2024, zimeshika njia hiyo hiyo. Mwenye kompyuta ya soketi ya AM4, kama zilivyo nyingi za Ryzen zilizouzwa tangu 2017, ana bahati ya pekee: baada ya kuhakikisha kwamba ubao mama wake unaikubali na kusasisha programu ya ubao huo, iitwayo BIOS, aweza kuiondoa prosesa ya kale na kuweka 5800X3D, au 5700X3D iliyo nafuu, asibadili ubao wala ramu. Anayetaka 7800X3D au 9800X3D atanunua vyote vitatu, kwa kuwa soketi ya AM5 haipokei ramu ya DDR4.

Namshauri msomaji asiyanunue maneno haya kwa mkopo. Na aipime kompyuta yake mwenyewe. Katika Flight Simulator ya Microsoft kuna hali ya watengenezaji programu ambayo, ikiwashwa, huonyesha kwenye kona ya kioo idadi ya fremu na jina la kiungo kinachozichelewesha, kama ni uzi mkuu au ni kadi. Simuleta ya X-Plane nayo huandika muda inaoutumia prosesa na muda inaoutumia kadi kwa kila fremu. Asiyependa kuhangaika na hayo na ashushe ukubwa wa picha kutoka 3840 kwa 2160 hadi 1920 kwa 1080, ambako nukta hupungua kutoka zaidi ya milioni 8 hadi milioni 2 tu: fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa, zikikaa palepale, kadi haina hatia. Jaribio lifanyike mahali pazito, si juu ya bahari. Cessna 172 inayotoka Unguja kwenda Pemba asubuhi tulivu haitaifichua kompyuta dhaifu. Airbus A320 yenye vioo vingi vya kidijiti, ikishuka Heathrow katikati ya majengo ya London na msururu wa ndege nyingine, itaifichua kabla magurudumu hayajateremka.

Ikidhihirika kwamba prosesa ndiyo nzito, yako mambo ya kufanya kabla ya kutoa hata shilingi. Punguza masafa ambayo ardhi huchorwa kwa undani, punguza ndege na magari ya bandia, na ushushe mwendo wa kuburudisha vioo vya chumba cha rubani. Kisha zifungie fremu katika 30. Wengi hulichukia pendekezo hili, wakidhani idadi kubwa ndiyo ulaini, lakini jicho halihesabu wastani. Fremu 30 zinazokuja kwa vipindi sawasawa huonekana tulivu kuliko 45 ambazo baadhi yake huchelewa mara tatu ya wenzake, na kwa ndege ya abiria isiyofanya sarakasi 30 zinatosha kabisa. Ziko pia kadi, za mfululizo wa RTX 40 na wa baadaye, zinazobuni fremu za katikati bila kuiuliza prosesa. Kwa safari ndefu ni neema. Ila usukani haupati wepesi wowote kutokana nazo, kwa maana fremu iliyobuniwa haijui mkono wako ulifanya nini.

Kadi huwa na haki ya kubadilishwa kwa mwenye kioo kikubwa cha 4K, na zaidi kwa mwenye kuvaa miwani ya uhalisia wa kubuni, ambayo hudai picha mbili kwa wakati mmoja. Hapo na atazame kwanza kumbukumbu iliyomo ndani ya kadi. Gigabaiti 8 hujaa upesi juu ya miji mikubwa, na zikijaa, picha za ardhi huanza kuhamishwa huku na huko na mishtuko hurejea. Binafsi naona ni israfu kununua leo, kwa ajili ya simuleta, kadi mpya yenye chini ya gigabaiti 12.

Ramu haina maneno mengi: gigabaiti 32, katika vipande viwili na si kimoja. Jambo linalosahauliwa ni kwamba ramu iliyouzwa kwa jina la 3600 aghalabu huwaka kwa mwendo wa 2133 au 2400 mpaka mwenyewe aingie katika BIOS na kuiwasha ile tabia iitwayo XMP. Ni haki aliyokwisha kuilipia. Diski ya SSD hufupisha kungojea, haiongezi fremu.

Intaneti ni sharti jingine, maana toleo la 2024 huteremsha ardhi na hata ndege zenyewe kadiri urukavyo, na waundaji wake hupendekeza megabiti 50 kwa sekunde. Anayeishi kwa bando la simu atastarehe zaidi na X-Plane, ambayo huweka ardhi yake diskini.

Kwa sisi wa pwani limesalia joto. Prosesa na kadi zote hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia kikomo cha joto, na chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari huzifikisha huko mapema, hasa kama vumbi la mwaka mzima limeziba matundu ya feni. Safisha kwanza, ukapime tena. Na ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kadi iliyotumika, usikubali kuonyeshwa kioo cha kuanzia tu: mwombe muuzaji aitie kazini kwa nusu saa, usikilize feni zake, ulisome joto lake, na umuulize ugavi wa umeme ulio ndani ya kompyuta yake ni wa wati ngapi, ukaulinganishe na ulio ndani ya kompyuta yako.